Kutoka Dramu Hadi Diski: Maoni Juu ya Kufundisha Sababu Katika Somo la Sayansi

Yapo mambo katika somo la sayansi ambayo sisi walimu huyafundisha kwa maneno mengi, na wanafunzi huyapokea kwa sauti kubwa, lakini hayabaki na kazi yo yote vichwani mwao. Msuguano ni mojawapo. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha huandika ubaoni kwamba msuguano ni kani inayopinga mwendo wa vitu viwili vinavyogusana. Darasa hukariri mara tatu. Kisha huja orodha ya faida za msuguano, na katika orodha hiyo hapakosi kuwapo maneno "husaidia gari kusimama". Kengele hulia. Hakuna aliyeuliza husaidiaje, wala nguvu za mwendo uliosimamishwa zimekwenda wapi, wala kwa nini siku nyingine msuguano huo huo hukataa kusaidia.

Katika makala haya nakusudia kutoa maoni kwamba mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kufundisha msuguano, joto na kanieneo kama mambo yanayohusiana, hatapata mfano mzuri kuliko kazi moja ya gereji: kuliondolea gari kuukuu breki za dramu za magurudumu ya mbele na kulitia breki za diski zenye busta. Sisemi kwamba wanafunzi wakaifanye kazi hiyo. Nasema waielewe, hatua kwa hatua, kwa kukiuliza kila kifaa sababu ya kuwapo kwake. Aidha nitaeleza kwa nini naamini kwamba mtu aliyefundishwa majina ya vifaa bila sababu zake aweza kuja kuwa hatari kwa wenzake.

Gari lililokataa kusimama

Chuo kimoja nilichopata kufundisha kilikuwa na pikapu ya Land Rover ya injini ya petroli, ya aina ile ndefu iitwayo 109, kwa kuwa kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma pana inchi 109. Ilikuwa imetengenezwa katika miaka ya 1970. Magari hayo ya Series, ambayo toleo lake la tatu lilikoma kutengenezwa Uingereza mwaka 1985, yalikuwa na breki za dramu katika magurudumu yote manne. Siku moja tulikuwa tunateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, tumepakia magunia ya viazi na wanachuo sita. Barabara hiyo hushuka karibu mita 1,000 katika mwendo wa zaidi ya kilometa 30, na kona zake hazimpi dereva nafasi ya kupumzisha mguu.

Katika kona za mwanzo gari lilitii. Tulipofika katikati ya mteremko tukasikia harufu ya kitu kinachoungua, na dereva akasema kwamba pedali imeanza kwenda chini kuliko desturi yake. Baada ya kona nyingine mbili tatu alikanyaga kwa nguvu zake zote, gari likapunguza mwendo kidogo tu. Bahati njema alikuwa mzee wa kazi: alirudi gia ya chini, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima, likakwaruza na kusimama. Hakuna aliyeumia. Tulishuka tukakagua. Hapakuwa na tone la oili ya breki lililovuja wala bomba lililokatika. Tukakaa kando ya barabara nusu saa. Dereva alipojaribu tena, breki zilishika kama zilivyoshika asubuhi.

Mwanachuo mmoja akasema, "Zimepona, Mwalimu." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa maana wote sita walikuwa wamefaulu mtihani wa sayansi na wangeweza kunitajia faida nne za msuguano bila kusita, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kueleza ni ugonjwa gani huu unaopona kwa kukaa kitako. Nami nikiri kwamba siku ile nilijaribu kuwaeleza, nikaeleza vibaya.

Kwa nini dramu huchoka

Dramu ni mfano wa sufuria ya chuma iliyofungwa kwenye gurudumu na kuzunguka pamoja nalo. Ndani yake mna vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mwandamo, viitwavyo viatu vya breki, navyo vimebandikwa gamba gumu la kusugulia. Dereva akikanyaga pedali, oili husukumwa katika mabomba membamba, viatu vikatanuka na kuusugua ukuta wa dramu kwa ndani.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo orodha ya faida za msuguano hailitaji: mwendo wa gari haupotei, bali hugeuka kuwa joto. Tuchukue gari lenye kilo 2,000 pamoja na mzigo wake. Likishuka mita 1,000, nishati inayotoka katika mshuko huo ni 2,000 mara 9.8 mara 1,000, yaani jouli 19,600,000. Kuipasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 100 za Selsiasi kunahitaji jouli 315,000 hivi. Basi mteremko ule una joto la kuweza kuchemsha lita 62 za maji, yaani kama madebe matatu. Sehemu moja ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo, na sehemu nyingine huchukuliwa na injini ikiwa gari limo katika gia ya chini. Inayosalia haina pa kwenda isipokuwa katika breki.

Joto hilo likikusanyika ndani ya dramu, mambo matatu hutokea. Kwanza, chuma cha dramu hutanuka, na ukuta wake huvikimbia viatu. Ndiyo maana pedali hushuka chini zaidi kabla ya kushika. Pili, gamba la kusugulia likipata joto kupita kiasi hupoteza ukali wake, hata mguu ukikanyaga sana. Tatu, kwa kuwa viatu vimefungiwa ndani, upepo haupati njia nzuri ya kuvipoza. Gari likisimama na kupoa, chuma hurudi ukubwa wake na gamba hurudia ukali wake. Huko ndiko "kupona" kulikomshangaza yule mwanachuo.

Hata hivyo si haki kuisema dramu kwa ubaya tu. Dramu ina hila moja njema. Kiatu kinachosukumwa kuelekea upande ule ule dramu inakozunguka huvutwa na dramu yenyewe, kikazidi kujibana, mfano wa kabari iliyowekwa chini ya gurudumu: gurudumu likizidi kusukuma, kabari huzidi kukaza. Kwa sababu hiyo mguu wa dereva haulazimiki kutoa kani kubwa sana. Mwanafunzi aikumbuke hila hii, kwa maana tutakapoiondoa dramu tutaipoteza, na itatupasa kutafuta kitu cha kushika nafasi yake.

Diski na deni lake

Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, ikiwa wazi katika upepo. Juu ya ukingo wake hukaa kifaa kiitwacho kalipa, ambacho ndani yake mna pistoni zinazosukuma pedi mbili zikaibana sahani kutoka pande zote mbili. Mtoto aliyewahi kuendesha baiskeli ambayo breki zake huubana ukingo wa gurudumu kwa mipira miwili amekwisha kuiona kanuni hii, ila hakuambiwa.

Faida zake ni majibu ya yale matatu tuliyoyaona. Diski ikipata joto hutanuka kuzielekea pedi, wala haizikimbii. Uso wake umo katika upepo, hivyo hupoa upesi. Gari likivuka mto, diski huyarusha maji nje, ambapo dramu huweza kuyaweka ndani pamoja na matope.

Lakini diski haina hila ya kabari. Pedi hubana kwa kadiri ile ile inayosukumwa, wala mzunguko wa sahani hauisaidii. Kwa hiyo ili gari lisimame sawasawa, pedi hazina budi kusukumwa kwa kani kubwa zaidi kuliko ile iliyotosha kwa viatu. Hilo ndilo deni la diski, na kama sisi hatulilipi, abiria watalilipa.

Fundi tuliyempelekea pikapu yetu baada ya safari ile alikuwa na mikono mizuri. Alipata diski na kalipa kutoka katika gari lililokufa la aina ya One Ten, ambalo ndilo Land Rover la kazi lililotoka kiwandani mwaka 1983 likiwa na diski mbele. Akafanya kazi kubwa ya kuzirekebisha hata zikakaa kwenye ekseli ya zamani. Akaacha masta silinda ile ile na hakutia busta. Dereva alipolijaribu gari uwanjani alisema pedali ni kama jiwe. Ilimbidi aegemeze mgongo kwenye kiti na kusukuma kwa mguu mzima ili gari lisimame. Fundi akamjibu kwamba diski ni bora kuliko dramu, kila mtu anajua hivyo, na kwamba atazoea.

Ndugu msomaji, jibu hilo nimelitafakari kwa muda mrefu, kwa sababu lilikuwa ni jibu la darasani. Tunafundisha kwamba kitu fulani ni bora, tunataja faida zake tano, na mwanafunzi anatoka akiamini kwamba ubora umo ndani ya kitu chenyewe kama utamu ulivyo ndani ya muwa. Fundi yule hakukosa ujuzi wa spana. Alikosa swali moja tu: kitu nilichokiondoa kilikuwa kinafanya kazi gani, na sasa kazi hiyo itafanywa na nani?

Busta na jamaa zake

Tufanye hesabu ambayo darasa la sita au la saba laweza kuifuata. Dereva akikanyaga kwa kani ya nyutoni 200, na pedali ikiwa ni wenzo unaozidisha kani mara 5, masta silinda hupata nyutoni 1,000. Tuseme uso wa pistoni yake ni sentimeta za mraba 5. Kanieneo katika oili itakuwa nyutoni 200 kwa kila sentimeta ya mraba. Kanieneo hiyo husambaa sawasawa kila mahali katika oili iliyofungiwa, kama alivyoeleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17. Pistoni ya kalipa yenye sentimeta za mraba 20 itasukuma pedi kwa nyutoni 4,000. Wanafunzi hushangilia wakiona 200 imekuwa 4,000, lakini mwalimu asiwaache hapo. Awaulize gharama yake. Ili pistoni ile kubwa isogee milimeta 1, pistoni ndogo haina budi kusogea milimeta 4. Kwa hiyo masta silinda isiyoweza kusukuma oili ya kutosha haiwezi kuzihudumia kalipa kubwa, hata dereva awe na nguvu za namna gani.

Sasa busta. Hili ni kopo kubwa la bati lenye utando wa mpira katikati, nalo hukaa kati ya pedali na masta silinda. Injini ya petroli inapovuta hewa huifyonza pia hewa iliyo ndani ya kopo, pande zote mbili za utando. Dereva akikanyaga, vali ndogo huruhusu hewa ya nje iingie upande wa nyuma tu. Hewa inayotuzunguka, tuwapo usawa wa bahari, husukuma kwa nyutoni 10 hivi juu ya kila sentimeta ya mraba. Injini ikiwa imetoa sehemu 7 katika 10 za hewa ya upande wa mbele, na utando ukiwa na sentimeta za mraba 400, hewa ya nje itausukuma kwa nyutoni 2,800. Ongeza 1,000 za mguu, utapata 3,800, karibu mara nne ya kani ya mwanzo. Anayemsaidia dereva ni hewa ile ile anayoivuta kwa pua. Kutokana na hayo mwanafunzi aweza kufikiri mwenyewe mambo mawili: kwamba juu mlimani, hewa ilipo nyepesi, msaada hupungua kidogo, na kwamba injini ya dizeli, ambayo kwa kawaida haizuiliwi kuvuta hewa kama ya petroli, huhitaji pampu yake maalumu ya kufyonza hewa ya busta.

Kazi haiishii hapo. Masta silinda nyingi za dramu zina vali inayobakiza kanieneo kidogo katika mabomba ili viatu visirudi mbali. Ikiachwa kwenye mkondo wa diski, pedi huendelea kusugua hata mguu ukiwa umeondolewa, zikaungua bila safari. Tena gari linapofunga breki uzito wake huegemea mbele, na nyuma ya pikapu isiyo na mzigo huwa nyepesi; dramu za nyuma zikishika kupita kiasi, magurudumu ya nyuma huacha kuzunguka na gari laweza kugeuka ubavu. Kwa hiyo hutiwa vali ya kupunguza kanieneo ya nyuma. Kadhalika rimu hazina budi kuwa na nafasi ya kutosha ili zisigusane na kalipa, na hewa yote haina budi kutolewa katika mabomba, kwa maana hewa hubonyea na oili haibonyei.

Jamaa wa mwisho wa busta ni mwenye gari mwenyewe. Wako madereva wenye tabia ya kuzima injini katika mteremko ili kuokoa petroli. Tabia hiyo ni mbaya kwa gari lo lote, maana huondoa msaada wa gia. Kwa gari lenye busta ni mbaya maradufu: injini ikizimwa, kopo hubaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, kisha pedali hurudi kuwa jiwe katikati ya mlima. Dereva wetu alikuwa na tabia hiyo. Fundi alipokubali kutia busta na masta silinda inayolingana nayo, hakuna aliyemwambia dereva neno hili, mpaka mwanachuo mmoja, aliyekuwa amekaa akaifikiria ile hewa inayofyonzwa na injini, alipouliza: "Na injini ikizimika je?" Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko mtihani wo wote niliopata kuusahihisha mwaka ule.

Historia yenyewe inatufundisha jambo hili. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902. Lakini ilikuwa mwaka 1953 ndipo gari la Jaguar lenye diski liliposhinda mashindano ya Le Mans huko Ufaransa, na mwaka 1955 ndipo Citroën DS ilipotoka na diski mbele. Pikapu za Chevrolet za Marekani zilipata diski za mbele kama kifaa cha kawaida katika matoleo ya mwaka 1971, na ndiyo maana wapenzi wa pikapu za huko za kabla ya mwaka huo hufanya badiliko hili hili tunalolizungumza. Kati ya wazo la Lanchester na One Ten imepita miaka 81. Wazo jema lilikuwapo tangu mwanzo. Jamaa zake ndio waliochelewa.

Namna ya kufundisha

Napendekeza mfululizo wa vipindi vitano, na mwalimu asianze hata kimoja kwa ufafanuzi wa neno.

Kipindi cha kwanza kiwe cha kisa. Wasimulie wanafunzi habari ya gari lililokataa kusimama, likapumzika, likapona. Waulize ni ugonjwa gani huo. Andika ubaoni makisio yote, hata yale ya ajabu, wala usiseme lipi ni sahihi.

Kipindi cha pili, pindua baiskeli juu chini, zungusha gurudumu, na mwanafunzi abonyeze ukingo wake kwa kipande cha kandambili kuukuu. Aguse kipande hicho baada ya kusugua mara kadhaa. Hapo ndipo waulizwe mwendo umekwenda wapi. Neno "msuguano" lije baada ya joto kuguswa kwa mkono.

Kipindi cha tatu, chukua mabomba mawili mapya ya sindano kutoka duka la dawa, moja dogo na moja kubwa, bila sindano zake. Usikubali kamwe yaliyokwisha tumika. Yaunge kwa mpira mwembamba uliojaa maji. Mtoto mdogo kuliko wote asukume bomba dogo na mkubwa kuliko wote azuie lile kubwa. Mdogo atashinda, na darasa halitasahau. Kisha wapime bomba dogo limeingia sentimeta ngapi na kubwa limetoka ngapi. Mwisho, ingiza hewa kidogo katika mpira na waulize kwa nini sasa mkono unahisi ulaini.

Kipindi cha nne, tia maji ya moto kidogo katika chupa ya plastiki, itikise, yamwage, funga kizibo upesi, kisha imwagie maji baridi. Chupa itajikunja. Uliza nani ameikunja. Wengi watasema imevutwa kwa ndani. Waongoze waone kwamba imesukumwa kwa nje. Wakiisha kulipata hilo, wamelipata busta.

Kipindi cha tano ni cha kuunganisha, na kama lipo gari lenye busta karibu na shule, liletwe mahali tambarare, magurudumu yatiwe vizuizi, na dereva mwenyewe akae ndani. Injini ikiwa imezimwa, akanyage pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu, aendelee kuikanyaga, kisha awashe injini. Pedali itazama kidogo chini ya mguu wake. Wanafunzi waeleze kwa nini. Ikiwa mwalimu anawapeleka gereji, ahakikishe wako mbali dramu kuukuu inapofunguliwa na vumbi lake lisipulizwe, maana magamba ya breki ya zamani mengi yalitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto huharibu mapafu.

Mtihani usiulize "Taja faida tano za breki za diski". Uulize hivi: "Fundi ametia diski bila busta. Mweleze dereva atarajie nini na kwa nini." Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo hatakuwa amekariri.

Wanaopinga

Najua wako watakaosema kwamba shule ya msingi si gereji, na kwamba shule nyingi za vijijini hazina pikapu, si kuukuu wala mpya. Nawajibu kwamba vipindi vinne kati ya vile vitano havihitaji gari, bali baiskeli, mabomba mawili na chupa iliyotupwa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea alilalamikia elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake. Watoto wetu hupanda nyuma ya pikapu kwenda mnadani na kwenye misiba. Breki za magari hayo ni mambo ya jamii yao.

Wako pia watakaosema kwamba muda hautoshi. Ni kweli vipindi vitano ni vingi kwa msuguano peke yake. Lakini hapa wamefundishwa msuguano, joto, utanukaji wa vyuma, nyenzo, kanieneo ya vimiminika na kanieneo ya hewa, tena kila moja likiwa na haja ya jingine.

Pingamizi la tatu ndilo lenye uzito, nami nalikubali kwa sehemu kubwa. Wazee wa gereji husema kwamba dramu zikitunzwa, viatu vikirekebishwa kwa wakati na mzigo ukiwa wa kiasi, gari husimama, na kwamba magari yale yalitumika katika milima hii kwa miaka mingi bila diski. Wanasema kweli. Siku ile ya Lushoto, kama dereva wetu angaliingia gia ya chini tangu juu, badala ya kungoja hatari, injini ingalibeba sehemu kubwa ya yale madebe matatu, na huenda tusingalihitaji kutafuta fundi. Dawa ya kwanza ilikuwa bure na ilikuwa mkononi mwake. Diski ilikuwa dawa ya pili. Lakini mtu huipata dawa ya kwanza kwa kujua ugonjwa, na ugonjwa ulikuwa joto. Asiyejua hivyo hukimbilia kununua kifaa kipya, hukitia nusu, na huteremka mlima akiwa na imani kubwa kuliko breki zake.

Ndugu mwanachuo, utakapopangiwa somo la msuguano katika mazoezi yako, usifungue kwa ufafanuzi. Fungua kwa lile gari lililosimama nusu saa likapona, uwaache wanafunzi wabishane. Mmoja wao miaka kumi baadaye atakuwa chini ya gari la mtu akiwa na spana mkononi, na mwingine atakuwa nyuma ya gari hilo hilo, juu ya magunia.